Petroli Si Maziwa

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kupanga foleni, dereva wa kituo cha afya alifungua banda, akalifuta vumbi gari la wagonjwa, akanyoosha mikunjo ya utepe mwekundu uliozungushwa toka bampa ya mbele hadi ya nyuma, kisha akafunga banda na kwenda kukaa kivulini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Aliajiriwa kuendesha gari, na gari lilikuwapo, ila lilikuwa bado halijazinduliwa, na mgeni rasmi wa kulizindua alikuwa mtu wa shughuli nyingi.

Mgeni rasmi alikuwa ameahidi kuja mara nyingi kuliko mdaiwa sugu. Kila alipoahidi, hema lilifungwa, viti vikapangwa, watoto wa shule wakafundishwa wimbo, na jua lilipofika utosini simu ilipigwa kwamba mheshimiwa ameitwa kikaoni. Watoto wa kwanza kufundishwa wimbo ule sasa walikuwa wanaota ndevu. Utepe ulibadilishwa kila ulipopauka. Petroli peke yake haikubadilishwa. Waliotoa msaada walilileta gari likiwa na tangi limejaa hadi shingoni, na mganga mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa kituo, aliamuru libaki vivyo hivyo ili mgeni rasmi alikute kama lilivyopokelewa. Hata kuliwasha kidogo tu bandani ilikuwa marufuku.

"Ukiliwasha umelizindua," alisema mfawidhi. "Na wewe ni nani wa kuzindua gari?"

Dereva hakuwa na raha. Siku moja alifungua kifuniko akanusa, akakuta harufu ya kopo la rangi lililosahauliwa stoo.

"Mkuu, hii petroli itachacha."

"Petroli si maziwa," alisema mfawidhi.

Akaitwa fundi wa magari aamue. Fundi alibandika sikio kwenye tangi, akafumba macho, akatoa hukumu kwamba petroli huzeeka kama mtu yeyote, ila haina subira ya mtu: miezi michache ni ujana, mwaka ni utu uzima, baada ya hapo ni mkongojo na kikohozi. Akashauri inunuliwe mpya, kwa shemeji yake. Mfawidhi akamwambia ana njaa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na mjadala ukaishia hapo.

Kikohozi kilianza msimu wa mvua. Dereva alikuwa anafuta taa za nyuma aliposikia mtu akikohoa ndani ya tangi, kikohozi kikavu cha mzee anayetaka ijulikane kwamba yupo. Dereva alikuwa amelelewa vizuri. Alisimama wima, akaweka kitambaa chini.

"Shikamoo."

"Marahaba," petroli iliitika kupitia bomba la moshi. "Hivi siku zote hizi mnapita hapa kimya kimya, kwenu ndivyo mlivyofundishwa?"

Tangu siku hiyo kila aliyepita bandani alisalimia. Wauguzi walimwita Mzee, na jina likakaa. Mzee alilalamikia magoti, ingawa hakuwa nayo, na bei za vitu, ingawa hakununua chochote, na kila binti aliyepita alimuuliza anaolewa lini. Mfawidhi alisema mambo hayo hayamo katika mwongozo wa matengenezo ya magari. Lakini naye alikuwa akisalimia, maana hakutaka kuonekana hana adabu.

Wakati huo mke wa dereva alikuwa na mimba, ya kwanza, waliyoingoja mpaka ndugu wakachoka kuuliza. Mkunga wa kituo, ambaye pia alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta, alimpapasa tumbo, kisha akalipapasa tena.

"Mwanao ametanguliza matako, shoga yangu. Uchungu ukianza tu, hospitali kuu, ng'ambo ya mlima. Usinizalie hapa."

Dereva aliposikia hivyo alikwenda moja kwa moja kwa mfawidhi kuomba ruhusa ya gari mapema, ili siku ikifika pasiwe na maneno. Mfawidhi alimsikiliza kwa huruma. Alisema mgeni rasmi ameahidi mwisho wa mwezi, safari hii kwa uhakika kabisa, na akauliza kwa nini mke wake asisubiri kidogo.

Mke hakusubiri. Uchungu ulimshika asubuhi akianika nguo. Mkunga alikuja mbio na mkoba wake, akamtazama, akasema huyu hakai kwenye pikipiki. Dereva alifungua banda na kuukata utepe kwa kisu cha kumenyea viazi. Mfawidhi akasimama mbele ya gari, mikono ameitanua kama golikipa.

"Kijana, nipishe," alisema Mzee kutoka nyuma.

Mfawidhi akapisha, kwa sababu mkubwa akiomba njia hupewa. Aliwapigia kelele tu kwamba wasichafue viti.

Dereva akatoa shikamoo, akawasha. Mzee aliitika, akakohoa moshi mweusi, akaondoka. Na hapo ndipo ubishi wa fundi na mfawidhi ulipokwisha, kwa sababu petroli changa hukimbia na petroli nzee hutembea. Mzee alitembea. Alipitwa na baiskeli, kisha na mikokoteni, kisha na bibi mmoja aliyebeba kuni. Kwenye njia panda alisimama kupisha kila mtu, hata waliokuwa bado hawajatokea. Penye kituo cha mafuta aliingia mwenyewe, usukani ukimponyoka dereva mikononi, akataka kujua petroli waliomo pampuni ni watoto wa nani.

"Mzee wangu, nakuomba," alisema dereva. "Mwenzangu anaumia."

"Namsikia, mwanangu. Na mimi najikaza."

Na haki isemwe, alijikaza. Alitoka pale akaukabili mlima bila kulalamikia magoti hata mara moja. Nusu ya mlima pumzi zikamwishia. Dereva alibadili gia, akasukuma, akabembeleza, akatukana, akaomba radhi kwa kutukana. Gari halikusogea. Mbele yao, juu kabisa, paa la bati la hospitali kuu lilionekana wazi, hata mtu aliyekuwa anatundika mashuka uani.

"Nilipoletwa mimi," alisema Mzee taratibu, "mlima huu ningeupanda huku naimba. Ujana wangu wote mmeufungia bandani. Leo mmenikumbuka nina pumu."

Mkunga alifanya alichoweza juu ya kitanda cha gari ambacho bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Mwili ulitoka, kichwa kikakwama, na kikakwama muda ambao haukupaswa kuwa mrefu vile. Alikuwa wa kiume, kamili vidole vyote, na hakulia. Mkunga alimsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena, kisha akaacha.

"Mfunike," alisema mama yake. "Ataona baridi."

Dereva alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojua pa kukaa. Mzee akajizima mwenyewe. Walirudi gari likiwa limetolewa gia, kwa mteremko, na kuteremka hakukuwa na taabu yoyote.

Mtoto alizikwa jioni ileile, na majirani wachache, bila hema. Mfawidhi hakufika. Alikuwa madukani akitafuta utepe wenye upana uleule. Alipoupata alimwita dereva na kumweleza, bila ukali, kwamba kwa kuwa gari halijazinduliwa, gari halijawahi kutoka bandani, na kwa hiyo asingependa kusikia habari za mlima. Dereva alitaka kumpiga. Hakumpiga, na mpaka leo anajuta.

Mzee naye hakuinuka tena. Mlima ulimmaliza. Alikata roho siku chache baadaye, mchana, katikati ya kulalamikia bei ya sukari. Mfawidhi akapeleka taarifa juu, na mgeni rasmi, aliyeshindwa miaka yote kuja kuzindua, akaja kuzika, kwani mheshimiwa anayejua kazi yake hakosi msiba wa mzee. Alifika kabla ya viti.

Marehemu alinyonywa kwa mpira, akatiwa katika dumu la njano, akafunikwa shuka jeupe la wodini. Bwana afya alisimamia kaburi lichimbwe mbali na kisima. Watoto wa shule waliimba wimbo wa uzinduzi, ila polepole, kwa kuwa hawakuwa na mwingine. Mgeni rasmi alisema pengo lililoachwa halitazibika, na akawataka watumishi waige mfano wa marehemu, aliyekaa kwenye kituo chake cha kazi tangu siku alipopangiwa bila kuomba uhamisho.

Mkunga alinyoosha mkono akauliza kama, maadamu mheshimiwa yupo na gari lipo, asilizindue tu. Mheshimiwa alisikitika sana. Alisema msiba na sherehe havilali kitanda kimoja, na isitoshe gari lenyewe sasa ni tupu. Mfawidhi akasimama haraka kuahidi kwamba petroli mpya itajazwa kesho yake, hadi shingoni, na itamsubiri. Watu wakapiga makofi.

Kisha mgeni rasmi akapita mstarini kuwapa watu pole. Katikati ya mstari alikuwapo mke wa dereva, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na kitambaa kile kilimgusa mheshimiwa. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mama. Ulikuwa unamfahamu marehemu?"

"Alinipeleka mpaka nusu ya mlima."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema mgeni rasmi. "Mtu wa kusaidia."

Akamwombea Mungu ampe nguvu, akamshika mkono aliyefuata.