Kimo cha Dalmas

Ankita alikuwa akitengeneza kijitabu cha programu ya mazishi kwenye kompyuta katika duka la baba yake nyuma ya soko la Nakuru. Nasimiyu, mjane, aliketi kando yake na mkoba magotini. Ilikuwa Februari 2008 na foleni ya wenye kutaka programu ilifika mlangoni. Juu ya ukurasa Ankita aliweka picha ya marehemu Dalmas akiwa amevaa koti la kiwanda cha sabuni. Chini yake akaweka picha ya Diwani Wasike na salamu zake za rambirambi. Alipoivuta picha ya Dalmas ili ijaze nafasi, simu ya Nasimiyu ikalia.

"Mathe, mzee wako amenenepa huku," akasema mhudumu wa mochari. "Droo haifungiki."

"Pole, mama. Nilivuta upande mmoja," Ankita akasema, akairudisha. Mhudumu akashukuru, droo imefungika.

Nasimiyu hakuwa na neno na hayo. Alichotaka ni mumewe azikwe na urefu wake. Dalmas alikuwa mrefu hata akiingia kwake aliinama mlangoni, na seremala Hezekiah alikuwa ameshamaliza jeneza la kimo hicho.

Faili ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya kuchapishia, diwani alikuwa ameongezeka na Dalmas amepungua. Mochari wakapiga tena. Sasa Dalmas alitoshana na mtoto wa darasa la tatu, na walitaka kujua kama wamhamishie wodi ya watoto.

Ankita alipenda kuhakikisha. Aliifungua faili kwenye Windows ya zamani na ile mpya. Akaijaribu kwenye laptop ya binamu yake Jaydeep, iliyokuwa na Linux, kisha akavuka barabara hadi studio ya picha, yenye kompyuta ya Makintoshi. Kote diwani alipanda, Dalmas akashuka. Kwenye Makintoshi alishuka kwa rangi nzuri zaidi. Mwishowe Ankita akamfuta diwani. Dalmas akarudia kimo chake kwenye kila mashine na kutulia.

"Si kompyuta, mama. Ni huyu diwani. Akiwekwa ukurasa mmoja na mtu, anamlia nafasi."

"Basi mtoe."

Quincy, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa amesimama nyuma yao. "Aki shemeji, hema ni lake. Viti ni vyake. Hata lori la kubeba watu ni lake. Tukimtoa tutakaa wapi?"

"Tukae chini."

"Nimweke ukurasa wa nyuma?" Ankita akauliza.

"Ofisi yake imesema mbele," Quincy akajibu.

"Quincy," Nasimiyu akasema, "si ni yeye alipanda juu ya gari akawaambia watu wasiondoke barabarani? Risasi zilipoanza, hilo gari lilikuwa wapi?"

"Shemeji, hayo si ya programu."

Programu zikachapishwa, diwani akiwa mbele.

Siku ya mazishi Hezekiah alijaza blanketi ndani ya jeneza ili Dalmas asigongegonge njiani. Alikuwa amebaki urefu wa kalamu, na koti lake limepungua pamoja naye, vifungo vyote vikiwa mahali pake. Nasimiyu alimpangusa uso kwa ncha ya kidole. Waliolibeba jeneza walikuwa sita, kama desturi, nao walijitahidi kuonyesha kwamba ni zito.

Diwani alifika kwa miguu, maana hakukuwa na gari la kumtosha. Vijana walifungua hema juu ili kichwa chake kipite, na akina mama wakasogeza viti. Alisema kwamba Dalmas alikuwa mtu mkubwa na kwamba waliomuua watajulikana. Watu walipiga makofi. Kivuli chake kilifunika kaburi lote, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, wengi walimshukuru kwa hilo pia.

Wachimbaji walikuwa wamechimba kaburi la mtu mrefu. Hawakuona haja ya kulipunguza.

Jioni Nasimiyu alirudi kwake. Simu ililia, alikuwa Ankita, akimpa pole na kumwambia kwamba ofisi ya diwani imeleta picha ileile kwa mazishi ya jirani, na inataka iwe kubwa kidogo kuliko ya juzi. Nasimiyu alimshukuru kwa kumjulisha. Kisha akafungua mlango, akainama kama alivyokuwa akiinama Dalmas, akaingia.