Tumbawe la Almut

Hauke Tjaden alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu duniani: tumbawe la marehemu mkewe, Almut. Vingine vyote angekupa, hata koti lake wakati wa baridi. Lakini lile tumbawe laini la umbo la uyoga, lililojaza nusu ya tangi la kioo sebuleni kwake pale Leer, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, hakuna aliyewahi kupata hata ncha yake.

Na hiyo ni aibu kubwa kwa wafugaji wa matumbawe. Desturi yao inajulikana: ukiwa na tumbawe zuri unalikata, unaotesha kipande, unampa mwenzako bure. Wala si ukarimu mtupu. Pampu ikikwama ukiwa safarini, ukarudi ukakuta tangi limeoza, unakwenda kwa yule uliyempa, unaomba mtoto wa tumbawe lako. Almut mwenyewe alilipata hivyo, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akalilea mpaka likawa pana kama sinia.

Siku ya maziko, watu wakinywa chai na keki ya siagi, Swantje, mdogo wake Almut, alimwomba shemeji yake kipande kidogo cha kumkumbuka dada. Alikuwa na tangi lake na kazi aliijua. Hauke akamjibu mbele za watu kwamba Almut amekatwakatwa vya kutosha hospitalini. Swantje aliweka kikombe chini, akachukua koti lake. Hawakusemezana tena.

Majira ya machipuko ya mwaka uliofuata tumbawe likajifunga. Hauke hakushtuka. Matumbawe ya aina ile hujifunga mara kwa mara, yakavua ngozi nyembamba kama nta, kisha yakafunguka upya. Kila mfugaji analijua hilo, na humcheka mgeni anayeingiwa na hofu. Basi akangoja. Wiki zikapita, akangoja. Shina likapata doa la kahawia, akajiambia ni kivuli cha taa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku alipofunua kifuniko akapokewa na harufu ya yai viza, hakuwa na pa kujifichia. Tumbawe lilikuwa linaoza kutoka chini.

Dawa aliijua: kata juu ya uozo, okoa kilicho kizima. Kanuni aliijua pia: tumbawe hutolewa, likakatiwa kwenye beseni, maana likijeruhiwa hutoa utomvu wenye sumu. Lakini kumtoa Almut majini kama samaki wa sokoni kulimshinda. Akaingiza mkono na wembe, akakata humohumo tangini.

Utomvu ukaenea kama maziwa kwenye chai. Mchana samaki wa tangi lile walikuwa juu wakihema. Jioni walielea ubavu. Hauke aliokota vipande vyake, akavisuuza, akavitia kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi. Kesho yake vyote vilikuwa vimeyeyuka, isipokuwa kimoja. Na ndoo si nyumba. Kipande kile kilitaka siku ileile tangi lililokomaa, ambalo maji yake yametulia kwa miezi, la sivyo kingewafuata wenzake.

Tangi la karibu alilijua moja tu. Alikaa garini nje ya nyumba ya Swantje, ndoo miguuni, akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akagonga.

Swantje aliitazama ndoo kabla hajamtazama yeye.

“Amebaki huyu tu?”

“Huyu tu, shemeji. Wengine nimewaua mwenyewe.”

“Niliomba kama ombaomba, Hauke. Mbele ya wajomba zangu.”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua usingengoja aoze ndiyo uje.”

Swantje akamnyang'anya ndoo. Alikifunga kipande juu ya jiwe kwa neti, maana gundi haishiki kitu chenye ute, akakiweka panapopita mkondo mpole. Hakumkaribisha chai, na kwa watu wa huku, asiyekaribishwa chai ameambiwa mengi.

Joto la kiangazi lilipoanza kupungua, Swantje alimpigia simu aje. Hauke akakuta kipande kimefunguka, vidole vyake vidogo vinapepea, kimekuwa kipana kama kiganja. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. Mezani palikuwa na beseni na wembe mpya. Swantje akamweleza kwamba kuna binti wa Emden, mgeni katika ufugaji, yuko njiani anakuja kuchukua nusu.

“Shemeji, bado mdogo. Na ndiye huyohuyo tuliye naye.”

“Ndiyo maana. Safari hii hatamfia mtu mmoja mikononi. Kata.”

“Kwa nini mimi?”

“Kwa sababu nikikata mimi, utanichukia.”

Hauke akaingiza mikono, akamtoa majini. Alikuwa mtelezi, vuguvugu kama mkono wa mtu, akajikunyata kiganjani. Swantje akamshikia beseni, Hauke akakata. Akalia kwa sauti mbele ya shemeji yake, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, na wembe ukaenda upande, nusu moja ikatoka kubwa kuliko nyingine. Swantje aliendelea kulishika beseni lisitikisike.

Kengele ya mlango ilipolia, Hauke alikuwa bado anazitazama zile nusu mbili. Akampa yule binti ile kubwa.