Saa Mbili Haikuwapo

…na tena kwa dakika mbili, dakika mbili tu! hata kudanganya kwenyewe hawajui, angalau yule mama, mhudumu wa mtambo wa oksijeni, angekwenda akanywa chai yake, akajinyoosha, ndipo arudi kugusa kadi mara ya pili, watu wangemwamini, lakini wapi, fundi wa kompyuta anakikodolea macho kioo cheusi na herufi zake nyeupe, jana asubuhi kadi ya kuthibitisha raundi ya mtambo imeguswa saa kumi na mbili na dakika tatu, imeguswa tena saa kumi na mbili na dakika tano, kisha kimya mpaka saa nne, raundi ya saa mbili hakuna, na humo humo katikati presha ya oksijeni ikaporomoka, wauguzi wa chumba cha upasuaji wakakimbizana koridoni na mitungi ya akiba, mgonjwa yuko mezani, tumbo wazi… na mwenyewe huyo nje kwenye benchi, mikono mapajani, anasubiri kamati ya saa nne, wanamwita Mama Kengele kwa sababu miaka kumi na moja hajachelewa kazini hata siku moja, kengele gani inayolala, na asubuhi fundi alipopita mbele yake akamwambia kwa upole kabisa, mwanangu, mimi nimegusa kadi raundi zote, kaangalie tu, utaona… utaona! maneno yale yale ya mjomba wake, mhudumu aliyemtangulia mama huyu, utadhani wanakaririshana hawa wahudumu wa mtambo, wakishaharibu wanakutazama usoni na kukuita mwanangu. “Mtaalamu, bado tu?” msimamizi huyo mlangoni, simu sikioni, kikombe mkononi, wala hasubiri jibu, amesharudi kwenye simu yake, ndiyo mheshimiwa, orodha inachapishwa sasa hivi, hapana, mtambo ni mzima kabisa, ni uzembe wa mtu… mzima! barua tatu za kuomba valvu ibadilishwe ziko mezani kwake chini ya kalenda, fundi ameziona kwa macho yake, karatasi ya juu ina duara la chai, leo uzembe wa mtu, mtu huyu hana haya hata chembe, lakini hata kama valvu ni mbovu, kazi ya mhudumu si ni kuwapo? angekuwapo saa mbili si angeiona presha inashuka? haya, basi.

Achapishe, aondoke, orodha hii hapa imekaa vizuri, skripti yake mwenyewe, programu ndogo ya mistari kumi na minne, aliiandika miaka mitatu iliyopita asubuhi moja kwa haraka, msimamizi huyu huyu akimpumulia kisogoni, kwa sababu faili la kumbukumbu linaandika kikompyuta, 06:03, 10:01, na wazee wa kamati wakasema sisi hayo hatuyasomi, tuletee saa za watu, basi skripti inasoma mstari mmoja mmoja, inachukua saa, inatoa sita, inaandika saa kumi na mbili, saa nne, safi, mpaka mwenyekiti alimpa mkono… na tangu siku ile haijatumika tena mpaka leo, nani ana habari na kumbukumbu mambo yakienda sawa, siku ile na leo, siku ya mjomba na leo. Mjomba aliyemlea, aliyekwenda kwa miguu ofisi hii hii kumwombea nafasi akiwa ndio kwanza ametoka chuo, mjomba na saa yake ya mkononi yenye mkanda wa mpira wa baiskeli, alisimama mbele ya kamati kofia mkononi akasema nimepiga raundi zote, wakamwonyesha karatasi, akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha hakumtazama mwenyekiti wala msimamizi, akamgeukia yeye, mpwa wake wa kike, “mama, hiyo mashine umeiuliza vizuri?” na yeye, kwa kuona aibu mbele za watu, kwa kutotaka mtu aseme anambeba ndugu yake, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, “mashine haina mjomba,” wakacheka, wote wakacheka, na mjomba akavaa kofia yake akatoka, kazi imekwisha, baada ya miaka ishirini na saba. Na fundi ndiye aliyenuna! miaka mitatu hakukanyaga kwake, kwenye harusi ya binamu walisalimiana kama watu wanaosubiri dawa dirishani, akisema moyoni angekiri tu, nilikuwa nimechoka, nililala, nani hajawahi kulala, lakini kunidanganya mimi…

“Hawa ni mtindo wao,” msimamizi kamaliza simu, anapuliza chai, “wanagusa mara mbili mbili wanakwenda kulala. Yule mjomba wako naye si ilikuwa hivi hivi? Kumi na mbili na dakika nne, kumi na mbili na dakika saba. Mimi nakumbuka.” Anakumbuka, tena anakumbuka kwa raha, na fundi anataka kumwambia akumbuke na zile barua tatu, mdomo umeshafunguka… kumi na mbili na kumi na mbili. Mjomba na Mama Kengele hawakuwahi kufanya kazi pamoja, yeye aliletwa kutoka wodi ya watoto kuziba pengo lake, nani angemfundisha, na kwa nini wote wawili waikimbie raundi ile ile ya saa mbili, mtu mwenye usingizi si angeiruka ya saa nane za usiku? “Saa ngapi sasa?” msimamizi anauliza, na macho yanakwenda pembeni ya kioo, 09:14, sifuri tisa, toa sita, saa tatu na robo kasoro dakika moja, kichwa chake kinatoa bila taabu, sifuri tisa, sifuri nane… anarudisha orodha nyuma, juzi, hakuna saa mbili, siku ya kabla ya juzi, hakuna, wiki iliyopita alikuwa mhudumu mwingine, hakuna, kabla yake wa tatu, hakuna, kumi na mbili, kumi na mbili, nne, kumi na mbili, kumi na mbili, nne, mwezi mzima hospitali hii haikuwa na saa mbili asubuhi, wahudumu watatu, siku thelathini, hata mmoja hakuamka! anafungua faili lenyewe, lile la kikompyuta ambalo hakuna aliyelisoma, hata yeye, jana, 06:03, mstari unaofuata, 08:05. 08:05. Alikuwapo. Mama Kengele alikuwapo, akagusa kadi, na skripti ilipoona sifuri mbele ya namba ikahesabu kwa ile hesabu ya kizamani inayoishia saba, nane kwake si namba, tisa si namba, ikashindwa kutoa sita, ikabaki imeshikilia saa ya mstari wa juu na kuzibandika dakika mpya, kumi na mbili na dakika tano, jambo la kitabu cha mwaka wa kwanza, angeweka namba moja mbele ya ile saa na kutoa mia moja yangekwisha, kwenye mtihani wake mwenyewe lilikuwamo! Lakini ingesema… kompyuta ikishindwa hesabu husema, huandika mstari mzima wa malalamiko… na hapo ndipo anaiona, mwisho wa mstari wa tisa, alama ndogo ya kuzima malalamiko, na mkono wa nani ulioiweka, wake, asubuhi ile, kulitokea maneno machafu katikati ya orodha, namba si sahihi, namba si sahihi, msimamizi akasema ondoa huo uchafu kamati imeshakaa, na yeye hakuuliza namba ipi.

“Mtaalamu, karatasi.” Chai inapulizwa, kimshale kinapepesa, printa inanguruma imejaa karatasi nyeupe, nje benchi linalia kidogo, Mama Kengele amebadilisha mguu, hakuna kilichosogea, bado ni 09:14, na huyu wa mlangoni atapewa faili lenyewe lilivyo, na barua zake tatu juu yake, akazisome mbele ya kamati kwa sauti, akikataa atasomewa, hilo halimtishi, hilo ni jepesi, kazi ni jioni, mlangoni kwa mjomba, atapiga hodi, mjomba ataitika bila kuinuka, naye atasimama pale pale kizingitini kutafuta pa kuanzia, kwa sababu mashine iliulizwa vizuri, mjomba, ikajibu siku ile ile, mimi ndiye niliyeiambia inyamaze.