Chupa Iliyobaki Mezani

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nasema mapema, asije mtu akaninyang'anya cheo.

Mke wangu hulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, ile ya springi, unayoikunja katikati na kujaza risasi moja moja. Aliirithi kwa baba yake. Wote wawili ni mashoto, na mzee alikichonga kitako kwa shavu la kushoto. Ndiyo maana bunduki za klabu humkaa mke wangu kama kiatu cha jirani. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mchezaji wa akiba. Safari hii nafasi moja ya timu ilikuwa wazi, na kocha akatangaza majaribio Jumamosi. Tatizo ni kwamba bunduki ya mzee ilikuwa inavuja. Ukifyatua, upepo unatorokea nyuma, na risasi inafika kwenye shabaha imechoka.

"Si nimeolewa na mkereza vyuma mimi?" akaniambia. "Au siku hizi unakereza maneno tu?"

Maneno nakereza, sikatai. Karakana nzima inaniita Spika. Lakini chuma nacho nakijua. Pistoni niliichonga upya kwa chuma kigumu, nikaing'arisha hadi ukaweza kujitazamia ndevu. Kile kipande kinachokaa ndani ya springi kuizuia isijipinde nilikitengeneza kwa nailoni, kwa sababu chuma kikisuguana na chuma ndani ya nyumba moja, kelele zake ni za mke na wifi.

Kwenye sili ya kichwa cha pistoni, ile inayozuia upepo usitoroke, ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka plastiki, yeye ngozi.

"Silinda ya baba ina michubuko," alisema. "Plastiki itakwanguka. Ngozi inavimba, inajaza."

"Fundi hapa nani?"

"Fundi wewe. Silinda yangu."

Alikuwa sahihi. Nikakata ngozi ya soli, nikailoweka, nikaibana kwenye kalibu niliyoikereza mwenyewe, ikatoka kama kikombe kidogo. Akakiweka kiganjani, akakigeuza, akatabasamu. Tangu tuoane sikuwahi kuona kazi yangu ikitazamwa hivyo.

Kisha akaniwekea mezani karakanani vitu viwili. Kopo la grisi nyeusi: "Hii ya springi." Na chupa ndogo ya mafuta meupe kama maji: "Haya ya ngozi. Ni silikoni, hayashiki moto upesi. Oili yako ya mashine isisogee karibu na silinda."

"Mke wangu, mafuta ni mafuta."

"Mafuta ni haya," akaigonga chupa kwa ukucha. "Hiyo yako ni oili."

Nikacheka. Wangapi wameonywa huku wanacheka!

Springi niliipaka grisi, bunduki nikaiunga vizuri, matone ya ngozi nikayaacha niyatie asubuhi ya majaribio. Jumamosi tukafika uwanjani, nikajipapasa mfukoni. Hamna. Chupa ilikuwa mezani karakanani, na ngozi ilikuwa kavu kama ulimi wa mwongo. Mfuko wa pili ulikuwa na kikopo changu cha oili, chenye mdomo mrefu, ambacho hakiniachi hata harusini.

Ningesema tu, "Nimesahau." Angenifokea, angemwomba kocha zamu ya mwisho, na mimi ningekimbia kuifuata. Lakini fundi mzima, mbele ya watu, aseme amesahau? Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikakiinamisha kikopo, nikadondosha matone mawili kwenye tundu la upepo.

"Umetia mafuta?" akaniuliza, huku anafunga mkanda wa koti lake la kulengea.

"Nimetia."

Kwa neno langu nilisema kweli. Kwa neno lake niliongopa. Na aliyekuwa anakwenda kufyatua ni yeye.

Paa! Mlio ule haukuwa wa upepo hata kidogo. Moshi wa buluu ukachungulia kwenye mtutu, watu wakageuka. Na mimi, niliyelelewa ndani ya injini za dizeli, ninayejua kwamba hewa ikibanwa ghafla hupata joto na joto likikutana na oili hulipuka, nikapiga makofi.

"Mmesikia? Hiyo ndiyo kazi ya mumewe!"

Hakugeuka. Alinusa tu. Risasi ilikuwa imepita juu ya karatasi. Ya pili ikachimba ubao chini. Ya tatu ikatoa sauti ya mtu aliyekalia mto, puu, ikaangukia kwenye nyasi kabla ya kufika popote. Kocha akamshika bega.

"Dada, iweke chini. Hiyo si salama. Nafasi nitampa anayefuata."

Nyumbani aliifungua mwenyewe juu ya gazeti, bisibisi hakuniomba. Ngozi ilikuwa imeungua ukingoni, nyeusi, inapukutika. Springi ilikuwa imekatika, na ncha yake imechora mfereji ndani ya silinda ya mzee toka mwanzo hadi mwisho. Michubuko ya zamani ngozi iliisamehe. Huu haukuwa na msamaha. Aliupitisha ukucha humo taratibu, akarudia.

Nikatafuta mzaha, ndiyo dawa pekee ninayoijua.

"Angalau leo uwanja mzima umekusikia."

Akaendelea kuupapasa ule mfereji. Basi nikaanza kujitetea, na mtu anayejitetea kwa mkewe huanza na sauti kubwa.

"Chuma nilichagua sawa! Nailoni sawa! Ngozi uliisifia mwenyewe! Kazi yote ile unaipima kwa matone mawili? Halafu uliniuliza kama nimetia mafuta, nikakujibu. Nilitia au sikutia?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaitazama ile chupa ndogo, ambayo nilikuwa nimepita kuichukua karakanani, imejaa, kizibo hakijaguswa.

"Ulitia," alisema. "Siku zote umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikauzoea ukavu. Leo ndiyo kwanza umetumia mdomo, na umeniunguza."