Burse Bila Ubishi

Baba Adalbert hakuwa mtu wa kuingia nyumba za watu. Miaka yote aliyokaa ng'ambo ya barabara pale Naviundu, Lubumbashi, salamu yake ilikuwa kukohoa. Na wewe ukikohoa, basi mmesalimiana. Kwa hiyo siku alipopiga hodi mchana kweupe, amevaa shati la pasi, akakalia kiti cha marehemu baba bila kukaribishwa, Vital alijua kuna jambo. Ama mtu amekufa, ama Adalbert anatafuta kuoa.

"Vital, mutoto yangu," alianza Adalbert.

Vital akageuka nyuma kuangalia kama kuna Vital mwingine.

"Nimekuletea burse."

Alieleza taratibu, kama mtu aliyekariri. Kuna chuo kikuu kipya kule Kasaï. Wanatafuta vijana wenye akili. Masomo bure, kitanda bure, chakula bure, hata nafasi kwenye gari-moshi imekwisha kulipwa. Yeye Adalbert, aliyekuwa siku hizi mtu wa kamati ya mtaa, ametaja jina la Vital kwa mapenzi tu ya ujirani.

"Baba Adalbert," Vital akasema, "jana mbwa yenu alinifukuza mpaka kwenye mulango. Naye ni mapenzi ya ujirani?"

Adalbert akacheka. Hapo Vital akaogopa kweli, maana hakuwahi kuyaona meno ya mzee yule.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na mji ulikuwa umepasuka kama kibuyu kilichoanguka. Watu wa asili ya Kasaï walikuwa wakiambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao ni Lubumbashi. Familia nzima zililala kwenye kituo cha gari-moshi, na sufuria zao na wagonjwa wao, zikingoja mabehewa yasiyofika. Rodrigue, aliyekaa dawati moja na Vital tangu sekondari, alikuwa huko huko chini ya hema la plastiki. Vital mwenyewe, Mkasaï kwa babu zake tu, hajawahi kuiona Kasaï hata kwenye ndoto. Tshiluba chake, lugha ya huko, kilitosha kusalimia na kuomba nyama. Akisalimia vibaya, nyama hapewi.

Tena alikuwa na chuo chake. Alipofaulu mtihani wa taifa, dada yake mdogo Kapinga alimmwagia poda nyeupe kichwani mpaka akafanana na muuza unga, na chuo kikuu cha hapa mjini kilikuwa kimemkubali kusomea sheria. Ni kweli, siku hizo chuo kilifunguka na kufungwa kama mlango wa baa, na karo ingetoka kwenye maharagwe aliyouza mama sokoni. Lakini kilikuwa cha nyumbani. Angetembea kwa miguu, na jioni angekula bukari, ugali wa mama.

Mama Clotilde alirudi kutoka sokoni, vumbi la maharagwe bado mikononi. Alisikiliza habari yote amesimama. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya Adalbert, akakunja kitenge katikati ya magoti. Vital aliujua mkao huo. Ndio mkao wa kununua gunia.

"Kitanda mwasema. Na matela ya kulalia iko?" mama akauliza.

"Matela iko, mama."

"Ya sponji ao ya majani?"

"Sponji."

"Sabuni?"

"Sabuni pia."

"Mutoto yangu hakulaka muhogo asubui. Anakunywaka chai na mukate."

"Mukate utakuwa," alisema Adalbert.

Vital alijikaza asicheke. Tangu azaliwe alikuwa akila muhogo asubuhi, mchana na katikati. Mama aliendelea: viatu, blanketi la pili, taa ya kusomea. Kila alichoomba alipewa, haraka, kama mtu anayerusha vitu nje ya nyumba inayoungua.

"Njo muzuri," mama alisema mwisho. "Na kwa likizo? Train ya kumurudisha hapa?"

Adalbert akapangusa paji la uso. Akatazama dari, akatazama dirisha.

"Ile," alisema, "ile hatujaongea. Mambo ya kurudi, tutaona mbele."

"Basi ondoa matela, ondoa na mukate. Weka tiketi ya kurudi."

"Mama Clotilde, ile sina nguvu nayo."

Akasimama, akaaga, akasahau hata kukohoa.

Mama alibaki amekaa. Sokoni, alikowauzia watu maharagwe tangu Vital hajaota meno, hakuna anayekubali bei ya kwanza. Ukimtajia muuzaji bei ya kijinga, lazima apige kelele, akutukane kidogo, aite jirani awe shahidi wa wizi wako. Akinyamaza na kukufungia mzigo, weka chini ukimbie. Mali ile si yake, ama imeoza.

"Ameuza bila kubisha," alisema.

"Labda hakuna chuo," Vital akasema. "Labda nitashuka kule nikute shamba la mahindi, na Adalbert amevaa joho."

"Chuo kiko. Jeanne wa mawese, pale soko, ana mutoto wa dada yake mule. Banasomea kwenye sale, ukumbi ya parokia, lakini banasoma. Burse nayo iko, bamepewa batoto wengine. Si chuo njo naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa hii mukono inatuletea."

Vital alitoka uani kupata hewa. Aliiangalia nyumba kama aliyetumwa kuinunua: matofali ya kuchoma, mabati mazima, madirisha yenye vioo. Baba yake aliijenga chumba kwa chumba. Mtaa wa nyuma, familia moja ilipofukuzwa, watu waling'oa mabati kabla ya jioni, wakachukua milango, wakachukua hadi choo. Nyumba inayoachwa kwa fujo haibaki nyumba. Inayoachwa kwa amani, na mtoto akienda chuoni akiwa na mkate na sponji, na mama akimfuata baadaye kwa upweke, hiyo inabaki na vioo vyake.

Akarudi ndani mbio.

"Mama, siendi! Kesho najiandikisha hapa. Adalbert atafute nyumba ingine."

Alidhani mama atamsifu. Mama aliinuka, akaanza kukunja nguo za Kapinga.

"Unafanya nini?"

"Vital, fikiri. Adalbert ni mutu wa kamati. Bale ba kamati banajuaka mambo mbele yetu. Kama leo anatubembeleza na matela, ni sababu anajua hapa kuna siku inakuja. Mwizi anayekuomba ufunguo, ujue amesikia bengine banakuja na shoka."

Vital akaketi kwenye kiti cha marehemu baba. Chuo cha hapa kilikuwa chake. Alikuwa amekipata kwa kichwa chake, bila shati la pasi la mtu. Lakini ukikataa burse ukabaki na nyumba, unabaki pia na ile siku. Na Kapinga alikuwa darasa la sita.

Kesho yake alivuka barabara. Adalbert alikuwa barazani akikata kucha.

"Nakubali," Vital alisema. "Lakini tuko batatu. Mama na Kapinga, train moja na miye, behewa yenye paa. Na hakuna mutu wa kutugusa njiani ya gare ya train. Hapo njo burse inakuwa kamili."

"Sawa," Adalbert akasema.

Hakuinua hata kichwa. Vital alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa asubuhi nzima, akaambulia neno moja. Mama alikuwa amehesabu vema. Siku ile ilikuwa karibu kuliko walivyodhani.

"Mutatoka juma hii," Adalbert aliongeza. Akapuliza wembe. Kisha, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Mbona ile kisima yenu ya nyuma, kiangazi inakaukaka?"

Basi. Hata aibu hakuwa nayo ya kungoja waondoke.

Vital alimtazama. Nguvu ya kumpiga alikuwa nayo. Nafasi tatu kwenye gari-moshi alikuwa nazo pia, na hizo zilikuwa nzito zaidi. Akatabasamu.

"Haikauke, baba. Mayi iko mingi, baridi, tamu. Ila usiku inaita batu kwa majina."

Wembe ukasimama kwenye kucha.

"Inaita nani?"

"Siye ilituzoea, haituite tena. Inaita tu mutu haimujui. Ukisikia, usiitike."

Akavuka barabara kwenda kumsaidia mama kufunga sufuria. Kutoka dirishani Kapinga alisema Baba Adalbert amesimama, ametega sikio upande wa uani kwao, na wembe bado mkononi.

"Mwache," Vital alisema. "Lete kamba."