Miguu Kwanza

Tangu Osaka mama mkwe alikuwa amempakata mume wangu. Alikuwa amechomwa, na mifupa yake imo ndani ya kopo la kauri lisilozidi birika la chai, limefungwa kitambaa cheupe, na mafundo ya kitambaa hicho mama mkwe aliyafunga kwa nguvu kama anayeogopa mtoto asipigwe na baridi. Shunpei wangu, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi asubuhi ya kawaida kabisa, alikuwa anapanda Mlima Koya, penye makaburi, kulala huko moja kwa moja.

Mimi mkobani nilikuwa na kijikopo cha peremende, kitupu. Nilikuwa nimekiosha nikakianika dirishani. Nilitaka kipande kimoja tu cha mfupa, hata kama ukucha, kikae nyumbani na binti yetu Koto, ambaye hajatimiza hata miaka mitano. Mlimani ni mbali. Atamsalimiaje baba yake kila asubuhi?

Nikaomba tukiwa kwenye gari la kebo, linakwea ubavu wa mlima huku likilia vyuma.

"Mama, naomba kipande kimoja. Kidogo tu."

Hakugeuka. "Mtu hagawanywi kama keki, Chinatsu."

"Wengi wanafanya hivyo, Mama."

"Wengi, ndiyo. Wewe bado kijana, kesho kutwa utaolewa. Mwanangu utamweka wapi? Kwenye kabati la bwana mwingine, kando ya soksi zake?"

Abiria waliokuwa mbele yetu wakainamisha vichwa. Koto akainua uso. "Baba hapendi soksi," akasema.

Mkahawa tuliokulia ulikuwa jirani na lango la makaburi. Kupitia dirishani mierezi ilionekana mikubwa, myeusi, na chini yake mawe ya wafu yameota kuvu, yamesongamana hadi macho yanachoka. Mama mkwe aliliweka kopo kwenye kiti cha nne, akamwagizia na Shunpei kikombe cha chai. Kisha akaanza na Koto.

"Vijiti vya kulia usivisimamishe kwenye wali! Hivyo anafanyiwa maiti. Nani anakufundisha kula, wewe?"

Swali lilikuwa langu.

Koto akavitoa. Akabana kipande cha tofu, ile soya laini ya kuganda, akakinyoosha juu ya meza mpaka mbele ya bibi yake.

"Bibi, pokea kwa vijiti vyako."

Mhudumu aliyekuwa anapita na sinia akasimama palepale. Sisi mezani hatupokezani chakula kijiti kwa kijiti. Namna hiyo tunapokezana mifupa ya marehemu, basi.

"Koto, weka chini," nikanong'ona.

"Siku ile Bibi hakupokea," akasema. "Nilimpa, akageukia ukuta. Miguu kwanza, Bibi. La sivyo Baba atakaa kichwa chini."

Ni kweli. Mbele ya tanuri la kuchomea maiti, sote tulisimama kuzunguka majivu yaliyokuwa bado na joto, tukaipokezana mifupa kwa vijiti, tukianza na ya miguu ili marehemu akae wima ndani ya kopo. Koto alimnyooshea bibi yake kipande. Vijiti vya mama mkwe vikamponyoka vikaanguka sakafuni, akageuka. Nilipokea mimi. Hakugusa hata kimoja, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo tena.

Tofu ilikuwa inaanza kukatika. Mama mkwe aliitazama. Akachukua vijiti vyake, akavinyoosha, akaipokea kijiti kwa kijiti, mchana kweupe, watu wanaona. Akaiweka kwenye sahani yake. Hakuila, na sisi hatukula tena.

Makaburini alitembea mbele, kopo kifuani. Kabla ya daraja la mwisho, pale watu wanapovua kofia na kuinama, aliketi kwenye jiwe, akafungua mafundo. Ilimchukua muda.

"Una cha kuwekea?"

Nikatoa kijikopo. Akalisoma jina la peremende. "Za limau," akasema. "Alikuwa anaziiba mfukoni mwangu."

Juu kabisa ulikaa mfupa wa koo, ule unaofanana na mtu aliyekaa akisali. Aliuinua kwa vidole vitupu, akaushika kiganjani kama kifaranga. Ndipo nilipojua kwamba ndiyo kwanza anamgusa tangu alipokufa.

"Huu unabaki hapa na mimi nitaufuata," akasema. Akazamisha vidole mpaka chini kabisa, akatoa kipande chembamba. "Huu ni wa mguu. Atembee na nyie mpaka nyumbani."

"Mama..."

"Na ukiolewa, asikae na soksi."

Akafunga kopo la kauri, akavuka daraja peke yake, mgongo umepinda. Koto akakitikisa kijikopo cha peremende sikioni. Mlio wake ulikuwa mdogo, mkavu.

"Baba ni mwepesi," akasema.

Nikaufunika mkono wake kwa wangu, tukasimama hivyo tukimsubiri bibi yake arudi mikono mitupu.