Nyavu za Duka la Bei Moja

Marehemu Ojiambo, mwana wa ndugu yangu, aliacha mke, watoto na mtumbwi mmoja hapa Port Victoria. Tulipoondoa matanga, ukoo ulikata shauri, nami kwa kuwa mkubwa wao nililitamka nikiwa nimesimama, ili asiwepo wa kusema hakusikia: mjane wake, Leonida, atautumia mtumbwi ule maadamu unaingia ziwani. Ukilala nchi kavu majira yote ya mvua, utakwenda kwa Levis, mdogo wa marehemu. Nilikuwa nimeona mitumbwi mingi ikioza huku ndugu wakigombana juu yake, na sikutaka huu uwe mmoja wao.

Nyavu za marehemu zilikuwa zimechakaa. Leonida akauza ng'ombe wake wa mwisho, akatafuta nyingine. Palikuwa na mahali pawili pa kuzinunua. Hapa bandarini palikuwa na duka la Opolot, Mteso mmoja mwenye maneno mengi, ambaye hakuuza chochote isipokuwa vitu vya uvuvi. Na kule Busia mjini, karibu na maegesho ya malori, lilikuwa limefunguliwa duka kubwa ambalo kila rafu ilikuwa na bei yake moja, beseni kwa viatu, viatu kwa nyavu. Kwa ng'ombe yule, Opolot angempa nusu ya nyavu alizozihitaji. Duka la Busia lilimpa zote, pamoja na kamba na maboya.

Opolot alipozisikia habari hizo alikuja ufukoni kujionea.

"Mama, umetuletea wageni," alisema, akiupapasa wavu.

"Ni uzi uleule wako, Opolot. Hata karatasi yake inafanana na ya kwako."

"Karatasi haivui samaki."

Okwara, nahodha wa Leonida, alicheka. "Mzee huyu analilia soko lake. Juzi alituambia hata maji ya upande wa Uganda ni bandia."

Opolot hakukasirika. Alishika fundo moja kwa kucha za vidole gumba akalisukuma. "Limefungwa mara moja tu," alisema. "Yangu yamefungwa mara mbili. Kwa ngege, samaki wapole wa kando, hizi zitatosha. Kwa mbuta, majitu yale ya kilindini, sijui. Kusema kweli sijui."

Kwa haki, na haki lazima isemwe, kamba na maboya ya duka lile havikuwa na kasoro yoyote. Boya la Opolot hupasuka upesi zaidi.

Kwetu, samaki wa kwanza wa wavu mpya hawauzwi. Hutegwa karibu, kando ya mafunjo, wakapikwa nyumbani kwa mwenye wavu na kuliwa na wazee. Baada ya chakula hicho husemwa kwamba wavu umeonekana, na tangu hapo si adabu mtu kuutilia shaka. Okwara akatega kando ya mafunjo kama ilivyo desturi. Wakaja ngege wanono. Leonida akapika, mimi nikaomba baraka, na Levis akala kuliko wote.

"Shemeji," alisema akiramba vidole, "na chumvi pia ulinunua kule kwa bei moja? Maana umeitia kama ya bure."

"Mbona sahani yako ndiyo ya kwanza kuisha?"

Watu wakacheka. Opolot, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisema angependa wavu mmoja tu ujaribiwe kilindini kabla ya nyavu zote kutegwa. Kicheko kikakoma. Wavu ulikuwa umeonekana. Mmoja wa wazee alimsogezea Opolot bakuli la maji anawe mikono, na hayo ndiyo yakawa majibu yake.

Mvua zilipoanza, mbuta wakasogea. Okwara akazipeleka nyavu zote kilindini kwa safari moja. Asubuhi aliporudi hakuita watu waje kubeba. Alizishusha mchangani, akarudi nyuma. Uzi haukuwa umekatika hata mahali pamoja. Mafundo ndiyo yaliyotembea. Kila mbuta alipopigania roho yake yaliteleza, na macho ya wavu yakawa makubwa kiasi cha kupitisha mwana-mbuzi. Leonida aliingiza mkono katika jicho moja, kisha akauingiza mpaka begani.

Okwara alijaribu kuyafunga upya. Alipolikaza moja, la jirani lililegea.

Leonida akazipeleka Busia. Binti wa dukani, aliyeitwa Sharlyne, alimpokea kwa heshima.

"Pole, mama. Ikishalowa haturudishi."

"Ni wavu, binti yangu. Ningeutumia vipi bila kulowa?"

"Naelewa, mama. Lakini ikishalowa haturudishi."

Alikwenda kwa Opolot akiwa radhi kuanza na wavu mmoja tu, aulipie kwa kumkaushia omena, dagaa wetu wa ziwani. Opolot alimwonyesha rafu zake. Zilikuwa na soda na sabuni. "Wote wanakwenda Busia," alisema. "Nilibaki nikiuza kwa panya, mama, nao hawalipi. Nyavu sileti tena."

Bila nyavu hakuna mvuvi aliyekubali kuuingiza ziwani, basi mtumbwi ukapinduliwa kifudifudi ufukoni, na mvua zikaunyeshea mpaka zikaisha.

Levis alikuja kwangu akiwa amevaa shati la Jumapili. Nilimwita Leonida.

"Mzee," alisema Leonida, "neno hili ulilitamka wewe. Unaweza kulirudisha."

"Neno la ukoo halivuliwi kama shati."

"Sikuuacha mtumbwi ulale. Nyavu ndizo zilizoniacha."

"Shauri halikusema kwa sababu gani. Lilisema ukilala."

"Nyavu ziliponidanganya hakuna aliyeziita kikaoni," alisema. "Nimeitwa mimi."

Levis alitazama chini. Hata yeye, nadhani, alingoja niseme jambo jingine. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni, na padri aliyetufundisha kusoma, kwamba ndiyo yako iwe ndiyo. Nilimwambia Leonida alete makasia.

Aliyaleta, akayaegemeza ukutani kwangu, akaenda zake bila kuaga. Sasa anaanika omena wa watu wengine kule Sio Port, na watoto wamegawanywa kwa shangazi zao.

Levis naye hana nyavu. Aliuchukua mtumbwi kwa trekta mpaka bomani kwake, akauanika juani akisema atafika Kisumu kutafuta zilizo bora. Hajafika. Mbao za ubavuni zimeanza kuachana, na kuku wanataga chini yake. Nipitapo njia ile huombwa niingie ninywe chai. Siingii.